Maabara Iliyoshushwa Chini

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani,
Jumapili alasiri, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu, Baba Cheche,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Natumaini barua inakukuta mzima, wewe na wifi na mapacha, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu hulalamika kidogo kwa kuinamia cherehani, lakini nikijinyoosha unanyamaza. Kazi zipo, sare za shule hazijaniacha nikae bure. Mama anakula vizuri, na kila asubuhi anakuuliza kana kwamba umetoka jana kwenda sokoni.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yako ina tabia ya kukatika pale pale ninapofika kwenye jambo lenyewe, na haya ninayotaka kukueleza ukiyasikia nusu utayaelewa vibaya. Kwa hiyo vuta kiti, mwambie wifi akutilie chai, usome taratibu.

Nianze na lile ulilosema mara ya mwisho. Ulisema nimfungashe mwanao nimlete huko kwenu, akae tu nyumbani apumzike, maana masomo ya sayansi si ya mtu wa kiti cha magurudumu. Sikulaumu. Najua tangu lori lile limgonge pale mbele ya shule hujapata usingizi wa maana, na kuwa mbali kunazidisha uchungu. Lakini wewe, mdogo wangu, una sauti ya kutangazia mpira. Maneno yako yalitoka kwenye simu yakavuka ukumbi yakamfikia chumbani kwake mazima mazima. Nilipoingia nilimkuta ameupa mlango mgongo. Hakulia. Aliniuliza tu:

"Shangazi, kwani mimi niliumia miguu au niliumia kichwa?"

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baada ya hapo chakula alikuwa anakigusa kwa adabu tu, vitabu akavisukuma chini ya kitanda. Na huyu ndiye mtoto aliyewahi kuchanganya siki na magadi kwenye sufuria yangu mpya mpaka povu likapanda ukutani, tukamwita Cheche! Nyumba ilipooza. Hata bibi yake alianza kuongea kwa kunong'ona, na unajua mama hajui kunong'ona.

Ndipo akaja mama mmoja wa ofisi ya elimu ya wilaya. Nilikuwa nimesikia kwamba serikali ina mpango wa kuwarudisha shuleni wanafunzi walioumia au kuugua muda mrefu, lakini nilidhani ni yale maneno mazuri ya redioni. Siku hiyo nikaona mwanamke mfupi mlangoni, amevaa raba, ana mkoba begani, na mkononi kashika futi ya chuma kama ya fundi mwashi. Watoto wa shule wanamwita Bibi Futi, na jina hilo amelipokea bila kununa. Nikamkaribisha, nikaanza kumweleza habari za mtoto. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia Cheche.

"Shangazi yako nimemsikia. Sasa wewe. Unataka kurudi kusoma nini?"

"Maabara iko ghorofani," Cheche akasema, bado anatazama mikono yake. "Na shule haina lifti."

"Sikukuuliza maabara iko wapi. Nimekuuliza unataka kusoma nini."

Mdogo wangu, nilimwona mtoto anainua uso. "Kemia," akasema.

"Haya. Nyoosha mkono tuone unafika wapi." Akaanza kumpima: upana wa kiti, kimo cha magoti, mkono unakofika akiwa amekaa. Mimi na ushonaji wangu wote sijawahi kumpima mtu kwa makini namna ile. Akamaliza chai yake, akaaga, akaondoka. Nikajisemea, amekwenda huyo, hatumwoni tena.

Akarudi. Na hakurudi mikono mitupu. Alikuja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole ambaye mama amekwisha kumposea wajukuu wa jirani bila yeye kujua. Cheche akapangiwa mwalimu wa kumfundisha hapa hapa ukumbini yale yaliyompita alipokuwa hospitali. Kisha likaja basi la wilaya lenye lifti nyuma, linamchukua mlangoni na kumrudisha. Chakula cha mchana anakula shuleni pamoja na wenzake. Vyote hivyo ni vya serikali, mimi nilichotoa ni chai tu. Sisemi kila kitu kimekwenda kama maji. Basi liliharibika lifti likakaa gereji mpaka nikawa natamani kwenda kulikarabati kwa sindano. Mlango mpya wa choo cha shule ulikuja mwembamba kuliko kiti, Bibi Futi akaurudisha huku akitukana kwa lugha ya adabu. Lakini kila kilipokwama, mtu alikuja kukikwamua, na mara nyingi mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Ikabaki maabara.

Mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi na walimu. Nilivaa lile gauni la zambarau. Cheche alikuwa pembeni yangu, mwisho wa mstari. Mwalimu mkuu alipoeleza kwamba maabara itashushwa chini, alisimama mzazi mmoja, mwenye duka la vipuri, mtu wa kifua mbele.

"Kwa heshima zote," akasema, "shule nzima ivurugwe kwa ajili ya mtoto mmoja? Kwani masomo yanayofundishwa vyumba vya chini hayapo? Historia ipo, lugha zipo. Asome hayo."

Watu wengine walitikisa vichwa kukubali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilitaka kusimama. Mimi ninayegombana na wauza uzi kila wiki, nikabaki nakunja pindo la gauni. Sikuthubutu kumtazama mtoto.

Bibi Futi akasimama yeye. Hakupandisha sauti. "Mzee wangu, mpango huu hautafuti somo linalolingana na ngazi. Unatafuta chumba kinacholingana na mwanafunzi. Mabomba, meza na mafundi ni juu ya serikali. Ninachokikosa ni chumba kikubwa cha chini chenye maji karibu."

Mwalimu mkuu akakohoa. Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, ofisi ya walimu, iliyo ukuta mmoja na jiko la chai. Hapo ndipo nilipoona walimu wote wanakumbuka kutazama viatu vyao. Ofisi ile wameizoea, ina feni, ina dirisha la uani. Mmoja akasema labda mwakani. Mwingine akasema labda lijengwe jengo jipya. Nikajua hizo "labda" zikifika tatu, mtoto wangu kwisha habari yake.

Akanyanyuka mwalimu wa historia. Ni mzee, anatembelea fimbo, magoti yamemwisha, wanafunzi wanamwita Mwalimu Karne. Kusimama kwenyewe kulimchukua muda, na ukumbi wote ukamsubiri.

"Mimi nakaribia kustaafu," akasema. "Meza yangu ipelekeni juu, nitapanda polepole. Huyu binti bado ana safari ndefu ya kusoma, hawezi kungoja jengo." Akataka kukaa, kisha akakumbuka kitu. "Ila chai ipandishwe."

Ukumbi ukaangua kicheko, na katika kile kicheko jambo likapita. Nani tena angesema hawezi kupanda ngazi, baada ya yule kusema anaweza? Mwenye duka la vipuri alikunja uso akaketi. Mpaka leo hanisalimii vizuri, nami sijakonda.

Kikao kilipokwisha Cheche alikisukuma kiti chake mpaka kwa mzee. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia.

"Mwalimu, samahani kwa zile ngazi."

"Usiniombe samahani, binti. Niombee pumzi."

Walihama wakati wa likizo. Fundi bomba alitoboa ukuta wa jiko la chai akavuta maji, seremala akapunguza miguu ya meza moja ili kiti cha magurudumu kiingie chini yake bila kugonga magoti. Mimi nilipeleka gunia zima la vipande vya nguo vya kufungia chupa. Wanafunzi walishuka na vyombo vya maabara ngazini kama wamebeba mayai, na Cheche alikaa mlangoni akivipokea na kuamuru kila kimoja kikae wapi. Sauti yake, mdogo wangu! Mwalimu wa kemia alijaribu kuweka kabati alipotaka yeye, akakatazwa. Nikasema moyoni, huyu amerudi.

Sasa nikueleze siku ya wazazi kutembelea madarasa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Niliingia maabara nikasimama ukutani na wazazi wengine. Mwanao alikuwa amevaa koti jeupe, nililifupisha mimi lisinase kwenye magurudumu. Mbele yake kulikuwa na mrija mrefu wa kioo uliosimamishwa wima, una koki ndogo chini. Wanauita bureti. Chini yake chupa yenye maji meupe yasiyo na kitu. Akawa anaifungua ile koki kwa vidole viwili, tone, tone, na mkono mwingine unaizungusha chupa. Mwenzake wa mezani alikuwa na haraka, akapitiliza kipimo, chupa yake ikageuka nyekundu kama juisi. Cheche hakumtazama. Akapunguza tone likawa nusu tone. Halafu yale maji yakashika rangi ya waridi, hafifu kabisa, kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi. Akafunga koki. Mwalimu akainama, akatazama kwa muda, akasema, "Ndiyo hii. Wote njooni muione."

Darasa zima likamzunguka. Machozi yalinitoka nikajifanya nimechomwa na harufu ya dawa. Mwalimu Karne alikuwa ameshuka kutazama, naye akapenga kamasi kwa kelele, na somo lake wala si kemia.

Sijui kama walioandika mpango huu huko ofisini wanajua mpango wao unafananaje ukifika mezani pa mtoto. Ningependa wajue. Tumezoea kuisema serikali pale inapotukosea, na inatukosea sana, sitajifanya. Lakini hili imelifanya, na imelifanya kupitia watu waliokuwa tayari kuzipanda na kuzishuka ngazi za mpango wenyewe kwa miguu yao, na mimi nimeona kwa macho yangu.

Sasa ombi, na ndiyo sababu nilitaka uketi. Cheche amechaguliwa kuendelea na sayansi katika shule ya juu ya wilaya, ile yenye bweni. Bibi Futi amekwisha kwenda kupima milango. Lakini amenieleza wazi, "Baba yake akisema hapana, hatuwezi kumlazimisha." Mimi ni shangazi tu. Nimemlea, nimempenda, lakini ruhusa ni yako na ya mama yake. Na usifikiri nitakuchukia ukikataa. Nitakulilia tu, kila siku, kwa simu, mpaka ubadili namba.

Kabla hujaamua, mpigie mwenyewe. Usimpigie kumpa pole, pole amezipata za kutosha. Muulize amejifunza nini wiki hii, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Hutaelewa nusu ya maneno yake, hata mimi sielewi. Sikiliza tu jinsi anavyoyasema.

Nisalimie wifi sana, mwambie vile vitambaa alivyoniletea nimevishona na vimenipendeza kuliko nilivyotarajia. Wabusu mapacha, waambie dada yao anawatayarishia povu la kupanda ukutani. Mama anakusalimu, anasema uvae nguo nzito. Shemeji yako naye anakusalimu, ndiye aliyetengeneza mteremko wa kupitishia kiti cha Cheche pale mlangoni, na kila mgeni lazima aonyeshwe. Mungu awalinde mlipo, awape riziki ya halali na moyo mkunjufu, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi, dada yako nikupendaye tangu siku niliyopewa nikubebe,

Mama Cherehani

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, Cheche akanikamata, akasoma barua yote bila haya. Anasema nimemfanya malaika. Ananitaka niandike kwamba wiki iliyopita alivunja bureti kwa kucheka, na mwalimu wa kemia akampa adhabu ya kuosha vyombo vyote vya maabara, sawasawa na anavyoadhibiwa mwanafunzi mwingine yeyote. Ananisimulia huku uso unang'aa, mdogo wangu. Alivyoviosha, anasema, havikubaki hata na doa.