Maelezo kuhusu Mashine Isiyokuwa Kwenye Mchoro

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Buibui, ndilo ninaloitwa kazini (jina la kitambulisho limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi wa nyaya za mtandao wa kompyuta, nimejiajiri
Makazi: Nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba yenye geti la bluu
Uhusiano na mtuhumiwa: Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu yeyote isipokuwa mke wangu, ambaye leo asubuhi ameniambia, "Usirudi hapa bila mdogo wangu."

Elimu yangu ni darasa la saba, lakini nyaya nimezivuta katika nchi tano, moja ya baridi mpaka plaizi inagandia mkononi. Hakuna dari ambayo sijaitambaa. Afande ameniambia nijibu nilichoulizwa. Haya.

Shemeji yangu ameajiriwa kitengo cha kompyuta katika hospitali kubwa iliyo mkabala na kituo cha mabasi. Mimi huitwa pale kazi ikizidi. Mtandao wa hospitali ile umeungwa na watu wengi, kila mmoja kwa akili zake, na hapakuwa na karatasi ya kuonyesha waya upi unatoka wapi na unakwenda wapi. Ukifungua kabati la nyaya, ni nywele za mtu aliyeamshwa na moto.

Kwa hiyo sisi mafundi tuna njia yetu. Waya usioujua unauchomoa, unatega sikio. Wodi wakipiga kelele, ni wa wodi. Wahasibu wakilia, ni wa uhasibu. Unaurudisha haraka, unaubandika jina. Njia hiyo tunaiita "chomoa usikie nani analia". Si njia nzuri, lakini mgonjwa asiyesema lazima umbonyeze ujue panapouma.

Mwaka jana shemeji aliomba mtandao wote uchorwe, tuachane na mambo hayo. Aliomba kwa adabu. Kikaitishwa kikao, nami nikaalikwa. Nilidhani tunakwenda kuchora. Kumbe tunakwenda kuchagua cha kuchorea.

Mkuu wa kitengo alitaka programu iliyomo kwenye kompyuta yake, yenye picha za mashine mpaka vitaa vyake vinaonekana. Ila inafunguka kwake tu, na yeye akisafiri anafunga mlango. Mama wa kumbukumbu za wagonjwa akataka ile ya bure ya kwenye intaneti, kila mtu achore humo humo. Nikamuuliza, "Mama, intaneti ikikatika, si ndipo tutakapoutaka huo mchoro?" Akanijibu, "Wewe Buibui, vuta nyaya zako." Mwandishi wa programu, tunayemwita Profesa, akataka ile ambayo huchori kitu, unaandika maneno, yenyewe inachora. Alituonyesha. Mchoro ukatoka chumba cha maiti kimeungwa moja kwa moja na wodi ya wazazi. Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

Vikao viliendelea mpaka mvua zikaisha, zikaanza tena. Kila mmoja akachora kwa programu yake, na mchoro wa huyu haufunguki kwa yule. Kuna kikao kizima kiliishia kwenye ubishi kama mashine ya kuhifadhi taarifa ichorwe kama kabati au kama pipa. Nimeona watu wakigombea shamba, nimeona watu wakigombea mume, lakini watu wazima kugombea pipa ambalo halipo, hilo katika nchi zote tano sijaliona.

Ndipo shemeji aliposimama akasema maneno ambayo afande amenisomea kuwa ni ushahidi kwamba aliuhujumu mtandao: "Msipochagua, nitachomoa waya mmoja mmoja mpaka niwasikie wote mnalia." Ni kweli aliyasema. Nilikaa ubavuni mwake. Hakutishia mtu. Alitaja njia yetu ya kazi, kwa hasira ya mtu aliyechoka.

Mwishowe walikubaliana programu ya nne, inayowekwa ndani ya hospitali yenyewe, kila mtu anaifungua alipo. Profesa akaisimika. Shemeji akachora nyaya, Profesa akachora mashine. Mimi nilikuwa darini nikipaza majina ya nyaya, shemeji chini anachora. Ulipokamilika nilimwambia, "Shemeji, huu nikifa nizikwe nao." Akasema, "Kwanza upungue tumbo, dari inalalamika."

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, mkuu wa kitengo alituagiza tuondoe mashine kuukuu kwenye stoo iliyo chini ya ngazi. Ilikuwemo moja imejaa vumbi, juu yake pamewekwa ndoo ya kudekia. Shemeji hakufanya papara. Aliufungua mchoro kwenye simu yake, akaitafuta mashine ile. Haimo. Akampigia mkuu wa kitengo, nami nasikia. Mkuu akajibu, "Kama haimo kwenye mchoro, haipo. Toa." Shemeji akachomoa nyaya zote.

Tukatega sikio. Kimya. Kisha mchoro ukatoweka kwenye simu yake. Tulikuwa bado tunaikodolea macho simu ile, mkuu wa maabara akashuka ngazi anakimbia: "Majibu hayaendi! Kuna mama mjamzito yuko chumba cha upasuaji anasubiri damu!" Shemeji akamwambia, "Dada, andika kwa mkono, mimi ndiye waya." Tangu hapo alipanda na kushuka ngazi zile na karatasi za majibu mpaka shati likamganda mgongoni. Mama yule ni mzima. Mtoto pia. Naomba hilo liandikwe vizuri.

Kumbe Profesa aliisimika programu ya kuchorea ndani ya mashine ile ile ya chini ya ngazi, kwa kuwa ilikuwa na nafasi, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikipeleka majibu ya maabara. Nilimuuliza, "Sasa mbona hukuichora?" Akajibu, "Nilikuwa ndani yake nachora. Kalamu haijichori." Nimesafiri, afande, lakini pale nilikaa chini.

Nami niliyebaki kuirudisha sikujua waya upi unaingia tundu lipi. Nyaya zenyewe, tofauti na mashine, zilikuwa kwenye mchoro, na mchoro umo ndani ya mashine. Ufunguo tumeufungia chumbani. Nilibahatisha mmoja mmoja. Saa tisa alasiri majibu yakaanza kwenda. Mchoro haujarudi mpaka leo. Majibu yalipoanza tu kwenda, askari wakafika na kumchukua shemeji, mkononi ana karatasi ya maabara ambayo hajaifikisha. Aliniachia mimi. Niliifikisha.

Nimemwomba afande karatasi, nikauchora mtandao wa hospitali ile wote kutoka kichwani, na mashine ya chini ya ngazi nimeizungushia duara mara mbili. Mimi sikosei.

Nimeishia hapo. Nimesomewa maelezo haya nami nimeyakubali kuwa ni yangu na ni ya kweli, ila neno nililowaita wale wa kikao afande amelifuta.

Sahihi: Buibui

MAELEZO YA ASKARI MWANDISHI

Nathibitisha kuwa nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Mchoro wake umepokelewa kuwa kielelezo. Mtuhumiwa alipoonyeshwa mchoro huo mahabusu, kabla sijamuuliza swali, aliomba kalamu akasahihisha waya wa wodi ya watoto, akisema, "Shemeji hajui kushoto na kulia." Shahidi amekubali kosa hilo baada ya kubisha.

Mkuu wa kitengo ameitwa, na amekiri kutoa agizo kwa simu. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana, amechukuliwa na dada yake.

Uongozi wa hospitali umetuma mtu kuomba nakala ya kielelezo, kwa kuwa hawana mchoro mwingine. Ameuliza umechorwa kwa programu gani. Nimemjibu ni kalamu ya kituo.