Breki na Mbuzi wa Ntheo

Mwende mjukuu wangu,

Migwani tuko wazima, na mvua imeanza. Unauliza utashikaje breki bila abiria kurushwa mbele.

Siku moja niliendesha pikapu kwenda Nuu na mbuzi wa ntheo, wa kumposa mama yako. Kwenye mteremko, punda akasimama katikati ya barabara. Babu yako, aliyewashika mbuzi nyuma, akaniita: “Polepole, mama. Mmoja akivunjika mguu, wakwe watasema ni mkosi.”

Nikakanyaga kidogo, nikaongeza, punda akizidi kukaribia. Gari lilipotaka kusimama, nikalegeza mguu. Likatulia bila kuinama. Punda alikuwa ananusa bampa. Nyuma, mbuzi wote walikuwa wamesimama.

Ningekanyaga kwa hofu, sijui leo ningekuwa namwandikia nani.

Nyanya yako