Kadi ya Bi Sauti

3 Februari

Kwako Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha kweli, si kwa maneno tu. Sisi hatujambo. Bibi naye hajambo, ingawa magoti humsumbua akipanda ngazi. Mwenyewe anasema magoti yake ni mazima, ngazi ndizo zinazougua.

Najua haya ningeweza kukuuliza kwa simu. Lakini Bibi akipokea simu yako hujibu "salama" kwa kila jambo, hata siku ile paa lilipovuja na yeye ameshika ndoo mkono wa pili. Kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Mwalimu wa lugha ametutaka tueleze kazi ya mtu mmoja wa nyumbani, kwa maneno ambayo hata asiyeijua ataielewa. Wenzangu wamechagua useremala na udereva. Mimi nimekuchagua wewe, kisha nikagundua kwamba sijui unafanya nini. Bibi anasema, "Anakaa na kompyuta." Nimeliandika hilo na halikujaza hata mstari. Tafadhali nieleze.

Mpwa wako

11 Februari

Profesa wangu,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Kikohozi kimeondoka bila kuaga. Mwambie Bibi ayachue magoti yake, asiyatetee.

Sasa kazi. Hospitali zetu zote zina programu moja ya utambulisho, inayosimamiwa na idara ya utumishi. Hiyo ndiyo inayojua nani ameajiriwa, yuko chumba gani, anastaafu lini. Upande wa pili kuna seva ya saraka, yaani kompyuta kuu yenye daftari la majina. Hiyo ndiyo inayoulizwa na kila mlango na kila kompyuta: "Huyu nimfungulie?" Tatizo ni kwamba hizo mbili hazisemezani, kama majirani waliogombania ukuta. Mtu anastaafu leo, utumishi wanajua, lakini mlango unaendelea kumfungulia miaka kumi.

Mimi nafunga kiunganishi katikati yao. Kila robo saa kitasoma habari za utumishi na kuzipeleka kwenye saraka: huyu ni mpya, mfungulie, huyu kaondoka, mfungie. Kila mtu kinamtambua kwa namba yake ya kazi.

Hospitali anayofanya kazi Bibi ndiyo ya kwanza. Tunawasha Jumatatu, tarehe 18 Machi, saa mbili asubuhi. Bosi wangu ameshapiga pasi suti ya siku hiyo. Mwambie Bibi kwamba akiona mambo yamenyooka pale mlangoni, hiyo ni kazi ya mwanawe.

Mjomba wako

17 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima, lakini nyumba imenyamaza, na ni barua yako iliyoinyamazisha.

Nilimsomea Bibi maelezo yako akiwa anapiga pasi sare yangu. Alicheka hapo kwenye majirani. Nilipofika "mtu anastaafu leo," aliinua pasi akabaki ameishika hewani.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Basi mwanangu ananifungia mlango."

Mjomba, Bibi hana namba ya kazi. Hakuwahi kupewa. Miaka tisa iliyopita alistaafu msimamizi wa chumba cha kufulia, yule waliyemwita Bi Sauti kwa sababu akiita mtu pale chini, wodi ya juu waliitika. Idara ya utumishi ikampa Bibi kadi ya Bi Sauti aitumie "wiki mbili tu," mpaka yake itoke. Bado anaitumia. Kila asubuhi hufungua mlango kwa kadi hiyo, na wenzake sita, vibarua kama yeye, huingia nyuma yake. Idadi ya mashuka huiingiza kwenye kompyuta kwa jina la Bi Sauti. Yaani kwa mujibu wa hospitali, mwanamke mmoja aliyestaafu, ambaye sasa anafuga kuku kwa binti yake, hufua mashuka mia nne kwa siku.

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema, "Mtoto aliye mbali akiuliza habari za kazi, unamjibu salama."

Tafadhali nieleze ukweli. Siku hiyo mlango utafanyaje?

Mpwa wako

24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Ukiniuliza hali, afya ninayo, uso ndio sina.

Kiunganishi chetu kinaweza kuendeshwa kwa majaribio bila kugusa kitu, kikatoa tu orodha ya yale ambayo kingefanya. Baada ya barua yako nimeifungua orodha hiyo. Mstari wa thelathini na moja: "Amestaafu. Funga." Ni Bi Sauti. Mstari huo niliuona wiki mbili zilizopita nikaupita, tena nikifurahi kwamba mambo yanakwenda.

Lakini usilie. Ipo orodha ya akaunti zisizoguswa, ambamo huwekwa zile za mitambo. Nitaitia akaunti ya Bi Sauti humo na hakuna atakayeuliza. Mlango utafunguka kama jana na juzi. Mwambie Bibi alale usingizi wake.

Mjomba wako

2 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Afya zetu ni njema. Bibi amekataa.

Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, maana aliketi mbele yangu akiikodolea macho kalamu nisije nikaruka kitu:

"Mwambie nimeshukuru. Halafu mwambie hapana. Walionificha mwanzo walikuwa watu baki, nikawasamehe. Yeye nimemzaa. Asinifiche kwenye orodha ya mitambo. Akiwashe hicho chombo chake siku ile ile, saa ile ile, asisogeze hata dakika."

Nikamwambia, "Lakini Bibi, utafungiwa."

"Atakayefungiwa ni mimi au Bi Sauti?"

"Ni Bi Sauti."

"Basi. Mimi nitakuwa nje, jua linaniwakia, kila mtu ananiona."

Usidhani hajajaribu njia nyingine. Wiki hii amekwenda idara ya utumishi mara tatu na wenzake wote sita. Mara ya kwanza waliambiwa faili halionekani. Mara ya pili afisa alikuwa kwenye kikao. Mara ya tatu afisa mwenyewe akawaambia, "Mama zangu, mambo haya yana utaratibu wake." Bibi akamjibu, "Na mashuka yenye damu je? Mbona hayo hayana utaratibu, yanaletwa tu?"

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa nimefundishwa kuwa mkweli. Nilipoisoma barua yako nilifurahi na nilitaka akubali. Kadi hiyo ndiyo inayotulisha. Bado naogopa. Lakini jana nilimsikia bafuni akijizoeza kulitaja jina lake lote, majina matatu, kwa sauti ya mtu anayeitwa mbele ya darasa. Sijawahi kumsikia akilisema lote. Kwa hiyo sasa niko upande wake, Mjomba, na nakuomba na wewe uje huku.

Mpwa wako

9 Machi

Profesa,

Marahaba. Nadhani mu wazima, maana watu wabishi hivyo hawawezi kuwa wagonjwa.

Niliikasirikia barua yako siku mbili nzima. Nilisema moyoni, namtupia mama kamba, yeye anaikagua fundo! Siku ya tatu bosi akaniletea karatasi ya kutia saini kabla ya kuwasha. Imeandikwa: "Nathibitisha kwamba hakuna mtu aliye kazini atakayefungiwa." Kalamu ilikuwa mkononi, Profesa. Ningesaini nikaenda kula.

Nikaandika chini yake: "Watu saba wa chumba cha kufulia wanafanya kazi bila kuandikwa. Kiunganishi kitawafungia. Mmoja wao ni mama yangu."

Bosi akasoma. "Hili ni la utumishi, si la seva. Futa."

"Sifuti."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Ndiyo maana sifuti."

Akachukua karatasi nyingine akasaini mwenyewe. Jumatatu ya tarehe 18 tunawasha. Akaunti ya Bi Sauti sikuiweka kwenye orodha ile, kama mama alivyoamuru. Nakala ya karatasi yangu iko ndani ya bahasha hii. Ni ya Bibi, aitumie atakavyo.

Sijui kama nitakuwa na meza hapa wiki ijayo. Niandikie upesi.

Mjomba wako

23 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Na meza je, bado ipo? Bibi ananiuliza hilo kila jioni. Mimi sijambo, ila mkono umechoka kabla sijaanza, kwa kuwa mengi yametokea.

Wiki nzima kabla ya Jumatatu, Bibi na wenzake walifua kwa bidii ya ajabu. Walipanga mashuka safi ya siku tatu mbele, rafu zikajaa hadi dari. Bibi alisema mgonjwa hana kosa, asije akalala juu ya godoro tupu kwa sababu ya ugomvi wa wazima.

Kwa kawaida huingia saa moja. Jumatatu walikwenda saa mbili na nusu, kwa kuwa Bibi alitaka mlango umkatae mbele ya watu. Niliomba ruhusa shuleni nikaenda naye. Aliweka kadi. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu. Akageuka, akawaambia wenzake, "Haya, tukae."

Wakakaa saba kwa mstari kwenye ukingo wa saruji, aproni zimefungwa, mikono mapajani. Askari wa mlangoni, ambaye ni rafiki yao, akawanong'oneza, "Mama, piteni nyuma, mlango wa takataka hauna kadi."

Bibi akamwambia, "Mwanangu, miaka tisa nimepita mbele kwa jina la mwingine. Leo nipite nyuma kwa jina langu?"

Siku ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Ya pili afisa utumishi alikuja na kadi moja ya mgeni, akasema waitumie wote kwa wiki mbili. Mjomba, waliposikia "wiki mbili" walicheka wote saba kwa pamoja, mpaka yule afisa akaangalia kama shati lake lina doa.

Alhamisi rafu zilikuwa tupu. Nilifika baada ya masomo nikamkuta muuguzi mkuu ametoka mwenyewe, amesimama juani.

"Kiongozi wenu ni nani?" akauliza.

Bibi akasema, "Kwa mujibu wa kompyuta, Sista, hapa hapana mtu."

Muuguzi mkuu hakucheka. Ndipo Bibi akatoa karatasi yako kwenye aproni. Aliisoma mpaka mwisho, akauliza, "Aliyeandika hivi ni mtoto wako?" Bibi akasema, "Ndiye. Na aliyefunga mlango ni huyo huyo." Muuguzi mkuu akaondoka na karatasi bila kuaga. Tulimwona akipita moja kwa moja kwenda ofisi ya mkurugenzi.

Jana, Ijumaa, walikaa tena nje hadi jioni. Hakuna neno lililotoka. Bibi amerudi na ngozi ya pua imebabuka. Ameniambia nikuambie salama, kisha akasema, "Hapana, usimwambie hivyo. Mwambie bado tumekaa."

Mpwa wako

14 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Wiki tatu hujaandika, wala mimi sikuandika, maana sikutaka kukuletea habari nusu. Tunakuombea uzima.

Waliitwa Jumatatu iliyofuata, wote saba, na mkurugenzi mwenyewe. Akaamuru waandikwe kazini, waanze kufua mara moja, na kila aliyefanya kazi miaka yake ihesabiwe. Mafaili "yasiyoonekana" yalionekana siku hiyo hiyo. Uandikishaji wenyewe umechukua muda, hadi juzi ilipofika zamu ya Bibi. Nilikwenda naye kwa kuwa miwani yake imevunjika.

Afisa utumishi, ambaye siku hizi anaamkia vizuri sana, aliandika majina yote matatu. Alipofika mwaka wa kuzaliwa akaweka kalamu chini. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kwa mwaka huu utastaafu mwisho wa Desemba. Miezi minane tu. Wengi hupunguza umri kidogo. Tukitoa miaka mitano, nani atauliza?"

Miaka mitano, Mjomba! Ningemaliza shule. Nilimtazama Bibi, na nadhani macho yangu yalimwomba akubali.

Bibi akamwambia, "Ukitoa mitano, nitakuwa nimezaa mtoto wa kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili. Unataka kunivunjia heshima?"

"Mama, nakusaidia tu."

"Hata yule wa kwanza alinisaidia, akanipa kadi. Andika nilivyozaliwa."

Akaandika. Bibi akanipa fomu nimsomee yote kabla hajatia saini. Ile tarehe ya Desemba niliisoma mara mbili, naye akanigusa bega, akasema, "Miezi minane ni mingi, mjukuu wangu, kwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo hata siku moja."

Tukiwa njiani alinieleza mipango yake ya baada ya Desemba. Ni mingi, na mingine haiwezekani. Mimi nimeamua kuiamini yote.

Wanasema watawaingiza wote kwenye kompyuta kwa pamoja. Hatujui ni lini.

Mpwa wako

22 Aprili

Profesa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na meza ninayo, ingawa wameisogeza karibu na choo. Nilinyamaza kwa kuwa bosi alikuwa ananipima, nami sikutaka kukutia hofu.

Leo saa nne na robo kiunganishi kilisoma habari za utumishi kama kinavyofanya kila robo saa. Nilikuwa nautazama ukurasa wake wa matukio, ambako kila mabadiliko huandikwa yanapopita. Rekodi mpya, chumba cha kufulia. Rekodi mpya, chumba cha kufulia. Nikahesabu sita. Kisha ukatulia, nikadhani wamemwacha.

Ndipo ikapita ya saba. Majina yote matatu. Namba ya kazi. Msimamizi, chumba cha kufulia. Kuanza kazi: miaka tisa iliyopita. Mwisho wa kazi: 31 Desemba. Akaunti imefunguliwa.

Ofisi nzima ilikuwa imekaa. Bosi akainua kichwa akaniuliza, "Wewe, mbona umesimama?"

Nikamwambia, "Mama yangu ameingia."

Mjomba wako