Maji ya Mto kwa Mama

Golbanti, usiku wa Ijumaa, Mfunguo Tatu

Bado nina hasira na Komora, mwenye mtumbwi. Tulifika jua likiwa kali, nikataka kushuka, akanizuia kwa kasia. "Kaa. Hapa mgeni hashuki mpaka aitwe." Nikakaa nikiungua, na watu wanapalilia mpunga ukingoni wakituangalia tu.

Wenzangu walioshika njia ya Witu labda walikuwa wamekwisha kula. Walinicheka tulipoagana: huko mtoni hakuna soko, unafuata nini? Nikapanda mtumbwi. Mchele wangu umekwisha, na homa naiogopa.

Mwishowe akaja mama mmoja mtu mzima, akatuita. Akatupa samaki na ndizi za kuchemsha, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Ngazija, kisiwa cha mbali.

"Mto wenu waitwaje?"

"Hatuna mto, mama. Twakinga maji ya mvua."

Akaacha kula. Akauliza tena, akidhani sikumwelewa. Kisha akasema neno kwa Kipokomo, Komora akanifasiria: "Asema pole. Auliza mama yako yu hai."

Nikasema yu hai.

Jioni akaja na kibuyu kilichozibwa vizuri. Maji ya mto, nimpelekee mama.

Yataharibika kabla sijafika Lamu, najua. Na mzigo ulikuwa umejaa. Nilitoka nje nikiwa nimekishika, nikitaka kuyamwaga, nikasimama, nikarudi nacho.

Makubadhi yangu mapya nimeyatoa mzigoni, nimempa Komora. Kibuyu kimeenea.