Dang'a ya Mtoto Njiti

Jumatatu, 3 Juni
Nimekamua maziwa yangu tena. Matone tu, ya njano, hayafuniki hata kitako cha kikombe. Nesi Upendo anayavuta kwa bomba la sindano, anayapitisha kwenye mpira wa puani. Binti yangu ni njiti, kawahi mno kuja, hana nguvu ya kunyonya. Baridi ya Iringa inauma. Mama mkwe anafika kesho kutoka Igawa. Mume wangu Festo kabaki kwenye mavuno ya mpunga. Sina hamu na mgeni yeyote.

Jumanne, 4 Juni
Mama kaja na kuku, mchele na amri. Nimekwenda chooni, narudi, kikombe kitupu. Kayamwaga kwenye karai! Eti maziwa ya njano ni machafu, yamelala kifuani miezi yote, kwao yanamwagwa mpaka yaje meupe. Mtoto apewe maji ya sukari kwanza. Kazi yangu ya asubuhi nzima! Nikamwambia, "Mama, umemmwaga mtoto wangu." Mkwe haambiwi hivyo, najua. Sijuti.
Kasusa. Kashinda kwenye benchi la nje.

Jumatano, 5 Juni
Tumbo la mtoto limejaa, gumu. Wamesimamisha kumlisha, dripu tu. Daktari kasema utumbo wa njiti haujakomaa, unaweza hata kutoboka. Naogopa. Nikamuuliza mama mkwe kama alimpa maji ya sukari. Akaapa hakumpa. Sikumwamini.

Alhamisi, 6 Juni
Bado halishwi. Nakamua hivyo hivyo, nesi anaweka kwenye friji. Nikamuuliza kwa hasira, ya nini sasa? Akatuketisha mimi na mama. Kasema hiyo njano si uchafu. Ina kinga, tena ina vichocheo vya ukuaji, vitu vidogo mno vinavyogusa ukuta wa utumbo na kuufanya ukue, uzibe nyufa. Mtoto akiwa tumboni huvimeza kwenye maji ya chupa ya uzazi. Wangu alikatishwa njiani, kwa hiyo maziwa yangu ndiyo yanayomalizia kazi hiyo.
Mama kauliza swali moja tu. "Kama dang'a ya ndama?"
Nesi kajibu, "Ndivyo, mama."
Anafuga ng'ombe tangu usichana wake. Ndama wake hata mmoja hajawahi kunyimwa dang'a, yale maziwa ya kwanza, anajua akiikosa anakufa. Akainamisha kichwa. Nilitaka kumcheka, kweli kabisa.

Jumamosi, 8 Juni
Tumbo limelainika. Kanya! Nimeshangilia mavi kama mwehu. Wameanza tena kumlisha, tone kwa tone, ile dang'a ya kwenye friji. Daktari kasema hakuna dalili ya kupewa kitu, tumbo la njiti huweza kujaa lenyewe. Basi nilimsingizia mama. Nimemwomba radhi, kaguna tu. Leo kalinda kikombe changu kutwa. Mfagiaji alikisogelea kidogo, alifokewa hadi akaacha ufagio wake.

Jumapili, 16 Juni
Mpira umetolewa. Leo kanyonya mwenyewe. Kidogo, akachoka, akalala na ziwa mdomoni. Nikalia.
Mama alikuwa kakaa pembeni ya kitanda, anamtazama. Kabla ya Festo alizaa wawili, wakafa wachanga, hata majina hawakupewa. Festo alinidokeza tulipooana. Nyumbani kwao hakuna anayelitaja jambo hilo.
Leo kalitaja mwenyewe, taratibu. "Wale wangu wawili. Yote niliyamwaga. Mama yangu aliniambia nimwage, na mimi nikamwaga."
Nesi Upendo alisikia. Aliendelea kukunja mashuka. Hakuna anayejua wale watoto walikufa kwa sababu gani, na mimi sikutaka kubahatisha.
Nikamwambia, "Pole, mama."
Akajibu, "Nimeshapoa, mwanangu," halafu akalia.
Mtoto hakuamka.