Kipande cha Nyakundi na Mafundi Watatu

Jumatatu, 4 Mei 1936
Mvua tangu asubuhi. Majani ya chai yameingia mazito, yamelowa. Nimeandika majina ya wachumaji hadi vidole vikakakamaa. Saa nne mafundi watatu wa mashine mpya wakaja tena kunywa chai ofisini kwangu, maana hapa kuna jiko. Mskoti, Mjerumani, na yule mrefu wa Denmark. Wanabishana kwa Kiingereza jinsi watu wanavyopata kazi kwao. Wanadhani karani haelewi. Naelewa yote. Saa hiyo naipenda kuliko zote.

Jumanne, 5 Mei
Kwa Mskoti, fundi asiye na kazi hupanga foleni kwa serikali, kisha mkaguzi huja nyumbani kutazama kama ana viti vya kuuza. Nilidhani Wazungu wote wana kazi! Denmark wafanyakazi wana chama chao, na chama ndicho humlisha aliyekosa kazi. Ujerumani mtu hujifunza miaka mitatu ndipo aitwe fundi. Lakini siku hizi hupewa kitabu cha kazi, na tajiri wake ndiye hukishika. Bila hicho haajiriwi popote. Kumbe. Nikagusa kipande changu shingoni, cheti ambacho nami bila hicho siajiriwi. Nusura nicheke.

Alhamisi, 7 Mei
Siku mbaya. Nyakundi, jirani yangu hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, mtu wa Kisii, amekatwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kuviringisha majani. Miaka sita ameifanyia kazi. Nilimshika wakati wa kufungwa kidonda. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Jumamosi, 9 Mei
Meneja ameniletea kipande cha Nyakundi. Niandike ameachishwa, Jumanne arudi kwao. Sikuandika. Nilisema wino umekwisha. Uongo mtupu. Mahindi ya mke wake, Kemunto, yamefika magotini nyuma ya nyumba. Nani atayavuna?

Jumatatu, 11 Mei
Leo nimeingilia mazungumzo yao. Niliwauliza: kwenu, mtu kama Nyakundi hufanywaje?
Mskoti akaweka kikombe chini. "Kwani wewe unajua Kiingereza?"
"Tangu shule ya misheni, bwana."
Akawa mwekundu. Kisha akasema kweli: kwao angefukuzwa. Wa Denmark akasema kwao angetafutiwa kazi nyingine. Mjerumani akaikoroga chai yake. Halafu: ufundi wa miaka sita hauko kwenye vidole viwili, uko kichwani.
Neno hilo nikalipeleka kwa meneja. Nikamwambia Nyakundi anajua kwa pua majani yanapoiva. Chumba cha kuivishia, majani yanapoachwa yageuke rangi kabla ya kukaushwa, kimeharibu chai mara mbili mwezi uliopita, na meneja anajua.
"Keshokutwa ajaribu," akasema. "Akikosea, mnaondoka wote wawili."
Mke wangu sijamwambia. Ninaogopa.

Jumatano, 13 Mei
Majani yametandazwa sakafuni, yakigeuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Mskoti na saa yake. Nyakundi, mkono umefungwa kifuani, anainama, ananusa.
"Tayari," akasema Mskoti.
"Bado," akasema Nyakundi.
Meneja akaamua nusu ikaushwe kwa saa ya Mskoti, nusu imngoje Nyakundi. Tukangoja. Jasho lilinitoka na baridi yote hii. Akanusa tena. Bado. Akazunguka, akanusa pembeni. "Sasa. Toeni."
Baadaye vikombe viwili mezani. Meneja akaonja, akatema, akaonja tena. Akamsukumia Mskoti kikombe cha Nyakundi. Mskoti akakinywa chote. Kisha akavua kofia.
Nikaandika kwenye kipande: chumba cha kuivishia. Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri hivi.

Jumapili, 17 Mei
Kanisani asubuhi. Kisha tukaketi nje na Nyakundi, jua kidogo. Nilimsimulia habari za mafundi wale. Akaniuliza, kati ya nchi hizo tatu ningependa kufanya kazi wapi. Nikafikiri. Nikasema ningetaka chama cha Denmark na mafunzo ya Ujerumani.
"Na kwa Mskoti?"
"Kule angalau ukiachishwa unajua foleni iko wapi."
"Nchi yenye yote hayo iko upande gani?"
"Haijajengwa."
Alicheka mpaka kidonda kikamuuma. Kemunto akatuletea ugali wa wimbi na mboga. Tumekula polepole, bila haraka ya kwenda popote. Nimeshiba.