Moshi wa Kweli

Baba Hafidha,

Wali upo kwenye hotpoti. Mboga hakuna, umeiunguza mwenyewe. Asubuhi nimekuachia maharage jikoni, nikaenda kuchota maji. Narudi, nyumba nzima moshi, mama yangu anakohoa kitandani, na wewe umeikodolea macho simu, unalinganisha Nvidia na AMD, eti kadi ipi ya kompyuta inatoa moshi wa kweli kwenye gemu!

~~Chukua Nvidia, moshi wake unajikunja vizuri.~~ Usinunue yoyote.

Nyumba hii ni ya ukoo wa mama yangu, na wajomba wanashuka kutoka Matombo jioni kukuaga, unarudi kwenu. Usisahau kuwapa shikamoo.

Kompyuta yako nimeiweka uani. Mvua ya Uluguru ikifika, utayaona maji ya kweli.

Mama Hafidha, mwenye nyumba